Bepari au Mfanyabiashara?

Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, akaiita Mabepari wa Venisi. Kichwa cha Kiingereza humtaja mfanyabiashara mmoja tu, naye ni Antonio. Shylock ni mkopeshaji fedha. Neno "mabepari" huwaweka wote wawili katika kapu moja, tena likiwa na uzito wa Azimio la Arusha la 1967. Hukumu imetolewa kabla ya kesi kusikilizwa.

Tafsiri hiyo ni fasaha, lakini ni ufafanuzi pia, na asiyesoma lugha ya asili hawezi kuutambua. Ndivyo ilivyo kwa neno dikaiosune katika Waraka kwa Warumi. Kiswahili husema "haki", nasi husikia humo pia stahili ambayo mtu aweza kuidai. Kumbe Paulo anena juu ya kipawa cha Mungu.

Mchungaji wa Iringa au Mbeya, ahubiriye kwa Kiswahili na kufafanua kwa Kihehe au Kinyakyusa, ni mfasiri kila Jumapili. Basi Kiyunani kisisomwe chuoni kwa ajili ya mtihani tu, bali kwa ajili ya usharika usioweza kumsahihisha.