Wazi si Tupu: Uhakiki wa Michoro ya Thomas Moran ya Ziwa Yellowstone (1871)

Makala haya yanahakiki michoro ya rangi za maji ambayo Thomas Moran aliichora kando ya Ziwa Yellowstone, magharibi mwa Marekani, katika kiangazi cha mwaka 1871. Hoja yake ni kwamba uwazi unaoonekana katika michoro hiyo ni zao la ufundi, ilhali umesomwa kama ushahidi wa ardhi isiyo na wenyewe.

Moran, aliyezaliwa Bolton, Uingereza, mwaka 1837 na kuhamia Marekani utotoni, alikwisha kuichora Yellowstone kabla ya kuiona. Mapema mwaka 1871 alitayarisha vielelezo vya makala ya Nathaniel Langford katika jarida la Scribner's Monthly, akitegemea maelezo na michoro hafifu ya wengine. Kiangazi alijiunga na msafara wa mwanajiolojia Ferdinand Hayden, akafuatana na mpigapicha William Henry Jackson. Sehemu ya gharama zake ilitokana na mkopo wa Jay Cooke, mfadhili wa reli ya Northern Pacific. Jambo hili wasifu wa kumtukuza Moran hulipita haraka.

Ziwa hilo liko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Msanii anayechora nje mahali kama hapo hushindana na mwanga unaobadilika na msafara unaojiandaa kuhama. Penseli huonyesha milima kwa mistari michache. Rangi iliyozimuliwa kwa maji mengi hupitishwa juu yake. Pengine jina la rangi huandikwa pale ambapo brashi haikuwahi kufika. Weupe haupakwi, huachwa. Mvuke wa chemchemi za moto na mng'ao wa maji si chochote ila karatasi yenyewe, mbinu ambayo Moran aliithamini alipozichunguza kazi za Turner mjini London. Hapa ndipo penye ubora wake. Picha zake kubwa za mafuta zinastaajabisha, lakini michoro hii ya haraka ndiyo inayopumua.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa kuupima ubora huo. Uwanja ulio wazi ni uwanja unaopitika. Huenda uko wazi kwa sababu watu hawaachi kuupita. Mtungi mtupu hauna kitu ndani. Karatasi ya Moran iko wazi, wala haidai kwamba ufuo ni mtupu. Dai hilo liliongezwa na wasomaji wake.

Hayden aliwaonyesha wabunge mjini Washington kazi za Moran na Jackson, na tarehe 1 Machi 1872 Rais Ulysses S. Grant alitia saini sheria ya kuanzisha hifadhi. Ni kutia chumvi kusema kwamba rangi za maji ndizo zilizoipitisha sheria hiyo. Picha za Jackson, ushawishi wa Hayden na maslahi ya reli vilikuwa na uzito wao. Hata hivyo, sheria iliagiza kwamba atakayefanya makazi humo ahesabiwe mvamizi na aondolewe. Watukudika, tawi la Washoshone waliowinda kondoo wa milimani, walikuwa wakiishi humo. Agosti 1877, Wanez Perce waliokuwa wakikimbizwa na jeshi waliuvuka Mto Yellowstone kaskazini kidogo mwa ziwa hilo hilo, miaka sita tu baada ya Moran kukunja karatasi zake.

Mwenyeji hakukosekana kabisa katika kazi za Moran. Katika picha ya mafuta ya bonde la Yellowstone, ambayo Bunge lilinunua kwa dola 10,000 mwaka 1872, yumo miongoni mwa watu wadogo waliosimama juu ya mwamba. Lakini huko ni kipimo cha ukubwa wa bonde. Kwa maana hiyo, ukimya wa mchoro wa ziwa una uaminifu zaidi kuliko mapambo ya studio.

Mfano wa Yellowstone haukubaki Marekani. Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Wamaasai walikuwa wakilisha mifugo humo. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa nayo, na wafugaji wakahamishiwa huko. Mtafsiri wa nyaraka za uhifadhi anayeandika “eneo tupu” mahali palipostahili “eneo wazi” anafanya uamuzi wa kisera, na aghalabu hakuna kamati inayomhoji.