Mshono na Pambizo Lake

Mshono wa kuchomelea una mwanzo, mwendo na kituo, kama mshororo wa shairi. Katika karakana za Kariobangi Light Industries na Kamukunji, jijini Nairobi, mteja huusoma kwa macho: mawimbi yakilala sawasawa kama magamba ya samaki, fundi ni hodari. Kwa geti la chuma laini, usomaji huo unatosha. Kwa bamba gumu la bodi ya tipa hautoshi, kwani maana ya mshono imelala pambizoni.

Bamba la namna hiyo lilipashwa moto kiwandani hadi karibu nyuzi 900 za Selsiasi, likapozwa ghafla, na mara nyingi likapashwa tena kwa kiasi. Nguvu yake imetokana na mpangilio huo wa joto, na kila rodi inayopita huuvuruga. Kando kabisa ya mshono, chuma kikipoa upesi huwa kigumu na chepesi kuvunjika. Mbele kidogo hulegea.

Tazama mshono mpana, wa mkono uliopepea huku na huku. Unavutia, ila ni uzuri wa mkakasi. Volti 24 na ampea 120, kwa mwendo wa milimita 150 kwa dakika, hutoa takriban jouli 1,150 kwa kila milimita. Mkono ukipepea hadi mwendo ushuke kuwa 75, joto huongezeka maradufu, na ukanda uliolegea hupanuka.

Mshono wa pili ni mwembamba, umenyooka, umejengwa tabaka juu ya tabaka. Kati ya tabaka fundi alipima joto la chuma kwa chaki ya joto, akangoja lishuke. Kungoja huko ndiko mizani yake. Anayemwaga maji ili kazi iishe huivunja mizani: chuma hukakamaa, na haidrojeni iliyoingia kutoka kwenye rodi yenye unyevu hukosa muda wa kutoka. Ufa waweza kuja siku mbili baadaye, tipa ikiwa na mzigo barabarani. Hata ukingo uliokatwa kwa gesi hukakamaa. Husagwa kwa grainda kabla ya kuunganishwa.

Springi ya matatu ni shairi lisilokubali mshororo wa kuongezwa. Kaboni yake hukaribia asilimia 0.6, na moto wa rodi huiachia udhaifu pale pale inapopinda kila siku. Fundi anayemwambia dereva, “Hii haichomelewi, kaka, tafuta nyingine,” amekosa malipo ya siku. Lakini yeye ndiye aliyelisoma pambizo, na abiria hawatajua kamwe wana deni gani kwake.