Fundi wa Vuli

Ulaya hungoja machipuko. Sisi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, tunangoja vuli. Kusi ikilegea, Oktoba ikiingia, joto hupanda, mawingu hukusanyika baharini, na siku moja mvua hushuka kwa kishindo juu ya mabati. Mbayuwayu waliokimbia baridi ya huko kaskazini wanakata anga juu ya paa. Na uani, kwenye mnazi, kelele zimeanza upya: minana wamerudi kazini.

Nyumba zetu za zamani zina ua nyuma, penye jiko, choo, kamba ya nguo na, kwa wenye bahati, mti. Hapo ndipo mnana anapofanyia kazi yake, wala hafichi ufundi. Dume, aliyevaa manjano ya msimu, hutua kwenye kuti bichi, huling'ata jani ukingoni, kisha huruka akiwa ameshika hapohapo kwa mdomo. Mruko wenyewe ndio unaochana, na chane hutoka ndefu, nyororo. Akifika tawini hukanyaga ncha moja kwa mguu, nyingine huizungusha, huipenyeza, huivuta, hadi fundo likaze. Huanza na pete iliyosimama wima. Akiwa ndani ya pete hiyo husuka upande mmoja chumba cha mayai, upande wa pili ukumbi, na mlango huuelekeza chini.

Kazi ikiiva, huning'inia mlangoni kichwa chini, akapiga mbawa na kuita. Hana sauti tamu ya shorewanda. Wimbo wake unakwaruza, na mimi naupenda hivyohivyo, kwa kuwa ni mwito wa fundi anayetaka kazi yake ikaguliwe. Jike huingia, huvuta chane hii, hujaribu ile. Akiridhika, huleta nyasi laini akatandika. Asiporidhika huenda zake. Kiota kikikauka bila mwenyeji, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza tena kwa majani mabichi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Madume wachanga nao hufuma ovyo mwanzoni, hurudia, hubomoa, hurudia, kama vijana wanaojifunza kufua bati kwa mafundi wa mtaani kwetu. Asubuhi nyundo na minana huanza pamoja, na masikio yangu husikia watu wa kazi.

Minana hawa wana maadui. Kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, wametapakaa mji wetu mzima, na huiba mayai na makinda ya ndege wadogo. Lakini kubwa kuliko kunguru ni kukosa pa kutundika kiota. Kariakoo na Gerezani nyumba za chini zinabomolewa, ghorofa linajaza kiwanja hadi ukutani, na ua unakwenda na mti wake.

Ghorofa silipingi, watu wanahitaji pa kulala na pa kuuzia. Ombi langu ni kwa wenye viwanja: ramani ikichorwa, acheni nafasi ya mti. Nawe ambaye bado una ua, usiukate mnazi kwa sababu makuti yamechanwachanwa. Makuti mengine yatachipua, na mti mmoja hutosha kundi zima la minana.