Woga, Hofu na Kicho: Neno Juu ya Mahubiri ya Dhoruba Pwani ya Nyasa

Katika makanisa ya pwani ya Nyasa, tangu Manda na Lituhi, kupita Mbaha, hata Liuli na Mbamba Bay, ni vigumu kumpata mwalimu ambaye hajahubiri habari ya Bwana wetu kutuliza dhoruba. Wala si ajabu. Wasikilizaji wake ni watu wa maji. Wanajua mtumbwi, wanajua kazi ya kuyachota maji yaingiapo chomboni, na wanamjua Mwera, upepo wa kusini uvumao kwa nguvu katika miezi ya kipupwe, ugeuzao ziwa tulivu kuwa milima ya mawimbi kabla mvuvi hajakusanya wavu wake. Walakini, kwa kuwa habari hii imezoeleka mno, imezoeleka pia kuelezwa kwa njia moja tu. Nasi twaona ya kuwa njia hiyo ina kasoro mbili: ya kwanza ni ya maneno, ya pili ni ya mafundisho, na hiyo ya pili yatoka katika ya kwanza. Yafaa kuzipima zote mbili.

Mahubiri yenyewe kwa kifupi ni haya. Wanafunzi waliogopa kwa kuwa imani yao ilikuwa haba; Bwana akaamka, akaukemea upepo; basi na wewe, ukiwa na imani, usiogope, dhoruba yako itatulia. Maneno hayo yapendeza kusikia. Lakini katika makanisa ya pwani yetu huketi wajane ambao waume zao walitoka jioni na taa zao kuvua usipa, wasirudi. Mjane asikiaye mahubiri hayo hufanya hesabu mwenyewe kimya: dhoruba ya mume wangu haikutulia, basi imani yake ilikuwa haba, au yangu. Mhubiri hakulisema neno hilo, lakini amelifungulia mlango. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa twabishana juu ya maneno kwa kupenda maneno.

Tuanze na lugha. Kiswahili kina maneno kadhaa ya jambo hili, wala si sawasawa. Woga, pamoja na mwoga na kuogopa, wamsema mtu mwenyewe kuliko kitu anachokiogopa. Ni hali ya moyo unaokimbia. Hofu, neno tulilolipokea kwa Waarabu, ni pana zaidi: twasema hofu ya njaa, hofu ya vita, hata hofu ya Mungu, na neno halitwambii kama hofu hiyo ni njema au mbaya. Kicho chatoka katika kitenzi kucha, ambacho ni cha Kibantu halisi. Waganda nao husema kutya. Kicho ni hofu ya mtu aliye mbele ya mkuu, asiyetaka kukimbia, bali ajua kipimo chake. Ni huzuni kwamba kitenzi hiki kizuri karibu kimebaki katika usemi mmoja tu, yaani kumcha Mungu, na watoto wengi wa shule wakiulizwa maana ya kucha hutaja kucha za vidole au kucha kwa usiku.

Sasa tutazame Tafsiri ya Muungano, iliyotolewa Biblia nzima mwaka 1952, ambayo ndiyo isomwayo katika makanisa yetu mengi. Katika Marko mlango wa 4, Bwana awauliza wanafunzi kwa nini wamekuwa waoga. Na mstari ufuatao wasema waliingiwa na hofu kuu. Watafsiri wastahili sifa hapa, maana hawakuyachanganya maneno mawili ambayo Kiyunani kimeyatenga. La kwanza ni la shina lile lile alilolitumia Mtakatifu Paulo katika 2 Timotheo 1, anaposema ni roho ya namna gani ambayo Mungu hakutupa; na huko pia watafsiri wameandika woga. Katika Ufunuo 21 neno hilo hilo latokea, na waoga watajwa bega kwa bega na wasioamini. Hivyo msomaji wa Kiswahili aweza kuufuata uzi mmoja katika vitabu vitatu: woga ni kinyume cha imani. Hiyo ni kazi njema, na mwalimu aitumie.

Neno la pili ndilo lenye shida. Hofu kuu waliyoingiwa nayo wanafunzi baada ya shwari yaitwa kwa jina lile lile la hofu ambayo Mtakatifu Yohana, katika waraka wake wa kwanza, asema hutupwa nje na pendo. Msikilizaji makini atauliza: je, muujiza uliwaletea wanafunzi kitu ambacho pendo lingekitupa nje? Haki yatutaka tukiri ya kuwa Kiyunani chenyewe chatumia neno moja mahali pote pawili, na watafsiri wamelifuata kwa uaminifu. Tena neno kicho peke yake lingeweza kuwa pole mno kwa watu waliotetemeka ndani ya chombo kilichojaa maji. Walakini kazi ambayo neno halikuweza kuifanya yampasa mwalimu aifanye kwa mdomo wake. Aseme waziwazi: walitoka katika woga, wakaingia katika kicho.

Na hapa ndipo mahubiri ya kawaida yapotezapo jambo kubwa kuliko yote. Wahubiri wetu hukomea kwenye shwari, kana kwamba habari imekwisha upepo ulipokwisha. Lakini Marko hakukomea hapo. Upepo ulipolala, hofu haikulala nao. Ilizidi, ikageuka uso. Mwanzo waliogopa maji. Mwisho walimcha yeye aliyeyanyamazisha, wakaulizana ni nani. Kushinda woga, kwa jinsi Injili ionyeshavyo, si kupata moyo usiotikisika na kitu. Ni kuhamishwa kwa hofu, itoke juu ya kitu kidogo ikae juu ya aliye mkuu, na ikikaa hapo hupata jina jingine.

Yako mambo mengine madogo ambayo mwalimu wa pwani asiyaruke. Luka, katika mlango wa 8, aliita maji yale ziwa, ilhali Mathayo na Marko huyaita bahari. Basi mhubiri wa Mbaha asiogope kusema ziwa, maana Mwinjilisti amemtangulia. Marko peke yake ataja ya kuwa vyombo vingine vilikuwa pamoja naye. Vyombo hivyo havikumchukua Bwana, wala hatuambiwi ya kuwa wenyewe walimwamini, na shwari iliwafikia vilevile. Kwa hiyo shwari yenyewe haiwezi kuwa kipimo cha imani ya mtu. Tena Mathayo, katika mlango wa 8, aliweka swali la Bwana kabla ya kuinuka kwake. Awauliza juu ya woga wao wakati maji yangali yakiingia chomboni, kisha ndipo aukemea upepo. Imani yatakiwa ndani ya dhoruba, kabla mtu hajajua mwisho wake.

Pwani hii imejua hofu ya kila namna. Mwaka 1875 E. D. Young, alipolizunguka ziwa kwa meli Ilala, aliona upande wa mashariki vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo majini. Watu walikuwa wameikimbia nchi kavu kwa sababu ya mashambulio ya Wangoni, wakachagua kulala juu ya mawimbi kuliko kungoja mikuki. Hofu moja ilifukuza nyingine, wala hakuna aliyepumzika. Kisha likaja Kanisa, nalo halikusamehewa na ziwa. Charles Janson alifika ufukoni mwaka 1882 pamoja na W. P. Johnson, akafa mwaka huo huo. Chauncy Maples alitiwa wakfu kuwa askofu mwezi wa Juni mwaka 1895. Mwezi wa Septemba, akiwa safarini kurudi Likoma, alikufa maji katika ziwa hili hili pamoja na mwenzake Joseph Williams. Na tarehe 30 Julai 1946 meli Vipya ilizama upande wa magharibi, wakafa watu 145.

Je, twaweza kusimama mbele ya habari hizo na kusema ya kuwa dhoruba ya mwenye imani hutulia siku zote? Askofu Maples hakuwa mtu wa imani haba. Dhoruba yake haikutulia. Wamisioni hawakuficha jambo hilo wala kulitafutia udhuru. Meli kubwa waliyoishusha ziwani mwaka 1901 waliipa jina lake, nayo ilikusudiwa iwe pia mahali pa kuwafundishia walimu. Waliabiri kila siku chini ya jina la mtu aliyezama. Twaona ya kuwa jina hilo lilihubiri vizuri kuliko mahubiri mengi.

Lakini kosa tunalolisema lina hatari kubwa zaidi, na historia ya milima iliyo nyuma yetu yaionyesha. Mwaka 1905 maji ya Kinjekitile wa Ngarambe yalifika Ungoni. Ahadi yake ilikuwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka kuwa maji. Wala tusiwadharau walioyapokea; woga wao waliushinda kweli, wakaenda mbele ya bunduki. Ila imani yao ilikuwa imefungwa kwenye risasi. Risasi ilipoikana ahadi, halikubaki kitu cha kushika, na mwezi wa Februari mwaka 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Mwalimu afundishaye ya kuwa imani huzuia upepo ameifunga imani ya watu kwenye upepo. Ijapokuwa amevaa kanzu na kushika Injili, naye agawa maji. Mtu aliyefundishwa hivyo, Mwera ukimpindulia mtumbwi wa mwanawe, atakwenda kutafuta dawa yenye nguvu zaidi. Nasi tutamlaumu kwa hirizi aliyoivaa, ilhali sisi wenyewe tulimfundisha kumpima Mungu kwa kipimo cha hirizi. Kwa hirizi mtu huuliza: yazuia nini? Wanafunzi chomboni waliuliza: ni nani huyu? Maswali hayo mawili hayakutani.

Basi kumtumaini Mungu ni nini, kama si kujua ya kuwa chombo hakitazama? Lugha yetu yenyewe yatupa msaada. Imani na amana ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Watu wa Mrima na Unguja huweka mali amana kwa mtu wamwaminiye, hasa waendapo safari. Mwenye kuweka amana hakai mlangoni pa mwenziwe usiku kucha kuhesabu mali yake. Hajui kufuli ni ngapi, amjua mtu. Na tazama: katika mlango ule ule wa 2 Timotheo 1, ambapo Mtume alikataa roho ya woga, mistari michache mbele asema ya kuwa kuna kitu alichokiweka amana kwa Mungu, naye ana hakika kitalindwa hata siku ile. Hakusema hata kesho. Aliandika hayo akiwa kifungoni, na mwisho wa waraka aonyesha ya kuwa mauti yake yako karibu. Dawa ya woga, kwa Paulo, haikuwa kuachiliwa kwake, ilikuwa amana.

Wala mafundisho haya hayaondoi busara. Wahenga walisema, kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Na mvuvi auvutaye mtumbwi mchangani aonapo dalili za Mwera hakupungukiwa imani. Aliyeweka maisha yake amana hana ruhusa ya kuyachezea, maana si yake tena. Vilevile kufadhaika kwa mwili si woga. Marko, katika mlango wa 14, hakuona haya kuandika ya kuwa Bwana mwenyewe alifadhaika na kuhangaika Gethsemane. Alihangaika, wala hakuondoka. W. P. Johnson, ambaye mwenziwe alikufa katika mwaka wa kwanza, na ambaye macho yake yaliharibika karibu kuwa kipofu, aliendelea kuizungukia pwani hii hata alipofariki Liuli mwaka 1928. Hatuhitaji kudhani ya kuwa hakuogopa kitu kwa miaka hiyo 46. Yatosha kwamba hakuondoka.

Kwa hiyo twawashauri ndugu zetu walimu mambo matatu. Kwanza, wasomapo Marko 4 wasikomee kwenye shwari. Wasome hata swali la mwisho, na waliache swali hilo liwakalie watu. Pili, walihuishe neno kicho, hata katika masomo ya watoto, wasiseme kuogopa mahali pa kucha. Mtoto aliyefundishwa kumwogopa Mungu kama aogopavyo fimbo atamkimbia, na aliyefundishwa kumcha atamkaribia kwa heshima. Tatu, siku ya msiba wa ziwani wasihubiri shwari kabisa. Wahubiri amana. Mjane wa pwani hana haja ya kuambiwa kwa nini upepo haukutulia, wala sisi hatujui. Aambiwe ya kuwa mumewe hakufa kwa upungufu wa imani, na ya kuwa alichokiweka kwa Mungu hakikuzama pamoja na mtumbwi.