Imeji Iliyokamilika Kabla ya Safari

Katika kazi za mafundi wa vifaa vidogo vya Linux, hakuna inayonivutia kama kuandika skripti ya kukamilisha imeji ya mfumo wa faili kabla haijawekwa kwenye memori kadi.

Chukulia kisanduku cha maktaba kinachopelekwa shule moja ya Endamarariek, wilayani Karatu: kompyuta ndogo, Wikipedia ya Kiswahili ndani ya programu ya Kiwix, na Wi-Fi ya kuwafikishia wanafunzi maarifa pasipo intaneti. Mwaka 2015 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilileta Kio Kit, sanduku la tableti 40, kwa haja ya aina hiyo. Kisanduku kikishafika shuleni, fundi hayupo. Umeme utakatika, mtu atachomoa waya, na hakuna wa kuandika amri. Basi kila kitu kipangwe mapema, kama mzazi anavyofunga sanduku la mtoto wa bweni.

Njia ya haraka ni kuwasha kifaa, kukirekebisha kwa mkono, kisha kunakili kadi. Kitafanya kazi, ila mwaka ujao hakuna atakayejua kilifanywa nini. Fundi mahiri wa Buildroot, zana ya kujenga mifumo midogo ya Linux, hairekebishi kadi kwa mkono. Faili zake anaziweka kwenye saraka ya pembeni, nazo zinanakiliwa juu ya mfumo uliokwisha kujengwa. Hapo skripti inaitwa na kuonyeshwa saraka ya mfumo huo, imalizie. Mwishoni fakeroot inazifanya faili zionekane mali ya root, ingawa mjenzi ni mtumiaji wa kawaida, na imeji inafungwa kwa SquashFS: ni ya kusomwa tu, hivyo umeme ukikatika hauukuti mfumo mkuu katikati ya kuandikwa.

Isome skripti yenyewe taratibu. Juu kabisa kuna `set -e`: amri moja ikishindwa, ujenzi wote unasimama, na imeji mbovu haitoki. Saa inaelekezwa Africa/Dar_es_Salaam. Funguo za SSH zilizomo zinafutwa, ili kila kisanduku kijitengenezee zake kinapowaka mara ya kwanza, kwenye sehemu ya kadi inayoandikika. Zingebaki, aliyeiba za kimoja angeweza kujifanya chochote kati ya vingine.

Kisha unafika mstari wa kuongezwa kwenye `fstab`, orodha ya mifumo ya faili ya kupachikwa. Buildroot haisafishi saraka ya mfumo kila inapojenga upya, kwa hiyo skripti inayoandika bila kuuliza itauandika mstari uleule mara mbili, tatu, nne. Fundi anatanguliza `grep -q`: kama mstari upo, usiguswe, kama haupo, uandikwe. Skripti ikiitwa mara moja au mara kumi, matokeo ni yaleyale.

Uangalifu huo ndio ninaouheshimu. Mwanafunzi wa shule hiyo hatauona, wala hana haja ya kuuona. Lakini skripti ikihifadhiwa kwenye Git, kijana wa Karatu anayejifunza ufundi ataisoma, ataelewa sababu ya kila mstari, na ataweza kujenga kisanduku cha shule ya jirani bila kumtafuta aliyeanza.