Chombo Kisicho na Boneti

Gari lina boneti, na chini yake yamo mambo ambayo wenye magari wengi hawayajui wala hawana haja ya kuyajua. Simu imegundishwa mgongo ili mwenyewe asiuone utumbo wake. Baiskeli haina cha kufunika. Mnyororo uko nje, meno ya sproketi yanahesabika kwa kidole, spoku zinaonekana moja moja, na breki ikikamata unaona inakamatia wapi. Ndiyo maana wenye baiskeli wawili wakikutana kivulini, salamu hazijaisha macho yameshashuka kwenye magurudumu. Mmoja atainua gurudumu la nyuma alizungushe, mwenzake atatega sikio. Mpita njia ataona maringo matupu: watu wazima na ndevu zao wanaoneshana kengele mpya. Mimi nasema kutamba huko ni shule. Kwa kuwa chombo chenyewe hakina pa kuficha siri, anayekitambia anauweka ufundi wake hadharani ukaguliwe, na baiskeli imefika hapa ilipo kwa kukaguliwa namna hiyo.

Tuanze na kinachodharauliwa zaidi, yaani mapambo. Baiskeli nyeusi ya mzigo, ile ambayo Wakenya waliibatiza Black Mamba, hutoka kiwandani ikiwa pacha wa wenzake: fremu ya chuma, breki za vyuma badala ya waya, magurudumu ya inchi 28, keria nyuma. Ikikaa mwezi mmoja na mwenyewe, hakuna atakayeichanganya na nyingine. Fremu imeviringishwa utepe wa plastiki wa rangi mbili, usukani umening'inizwa vishada, spoku zimevalishwa shanga, vioo vimechomoza kama masikio, na nyuma kuna mkia wa madigadi wenye maneno, ndugu wa kanga kwa tabia, kwani humsema aliye nyuma bila mwenyewe kugeuza shingo. Mtu wa vipimo atalalamika kwamba hayo yote ni uzito usio na kazi. Uzito upo. Lakini tazama kila pambo limekaa wapi. Utepe huikinga fremu isichubuke na kushika kutu pale gunia linaposugua. Mkia wa madigadi huzuia tope. Shanga hazizuii chochote, ila huwezi kuzipanga bila kuigusa kila spoku, na anayeigusa kila spoku ndiye wa kwanza kujua ipi imelegea. Katika baiskeli nyingi za aina hii gurudumu la mbele lina spoku 32 na la nyuma 40, maana mzigo uko nyuma. Moja ikilegea, jirani zake huubeba mzigo wake, huchoka, huanza kukatika, na ringi hupinda. Fundi hupitisha kidole kama apimaye nyuzi za udi, akaisikia iliyolegea kabla hajaiona. Mwenye shanga anafanya kazi hiyohiyo bila kuiita kazi.

Tena pambo linaweza kuzaa ajira. Katika miaka ya 1960, mpakani mwa Kenya na Uganda, pande za Busia, keria ya chuma ilitandikwa mto, na baiskeli ya magunia ikageuka kuwa ya abiria. Mto si mtambo. Ni nguo, pamba na kamba. Hata hivyo, mto huo ndio uliomketisha msafiri wa kwenda "boda", na wito wa waendeshaji ukawa jina la kazi nzima. Leo pikipiki zimerithi jina la boda boda katika miji ambayo haijawahi kuuona mpaka wowote. Aliyeutandika mto wa kwanza wenye rangi kali na matamvua bila shaka alitaka upendeze, kwa sababu abiria huchagua kwa macho kabla ya kuchagua kwa makalio. Urembo na matumizi vilikaa keria moja, na hakuna aliyehitaji kuvitenganisha.

Baada ya mapambo huja hesabu. Chukua sproketi ya mbele yenye meno 44. Ukifunga ya nyuma yenye meno 18, mzunguko mmoja wa pedeli hulizungusha gurudumu karibu mara mbili na nusu, na gurudumu la inchi 28 hukusogeza kiasi cha mita 5 na nusu. Toa hiyo, funga ya meno 22, na mzunguko uleule utakupa mita 4 na nusu tu. Umepoteza mita nzima, lakini mguu umepumua: mlima uliokuwa ukikushusha usukume, sasa unaupanda umekaa. Kwa hiyo anayetangaza kijiweni kwamba amefunga sproketi mpya hajasema kitu mpaka aseme anapita wapi na anabeba nini. Muuza maziwa wa nchi tambarare na mbeba mkaa wa milimani hawapewi jibu moja. Ubishi wa meno mawili zaidi au pungufu, ambao kwa msikilizaji wa nje ni porojo za wasio na shughuli, ni ubishi wa mapafu, njia na mzigo. Kila mmoja huleta ushahidi wa mguu wake, na aliyekosea husahihishwa na mlima jioni ileile.

Historia ya baiskeli imejaa vijiwe vya namna hii. Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19, Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, aliwapigia debe waendeshaji wa matembezi marefu watumie gia nyingi, akazijaribu mwenyewe milimani na kuandika matokeo katika jarida lake. Wakuu wa mashindano hawakushawishika upesi: Tour de France haikuruhusu gia za kuhamisha mnyororo hadi mwaka 1937. Wapenda baiskeli walikuwa wameshapanda milima nazo miaka mingi. Huko Marekani, katika wilaya ya Marin, California, vijana wa miaka ya 1970 waliokota baiskeli nzito zilizotengenezwa miongo kadhaa nyuma, wakawa wanashindana kuteremka njia ya vumbi mlimani. Breki ya kurudisha pedeli nyuma ilipata moto hadi grisi ikaungua, na baada ya kila mteremko ilibidi kitovu cha gurudumu kijazwe grisi upya. Ndiyo asili ya jina la mashindano yao yaliyoanza mwaka 1976, Repack. Mmoja alikuja na gia, mwingine na breki za ngoma, wengine wakatazama, wakaiga, wakaongeza. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda fremu mpya kwa ajili ya mchezo huo. Baiskeli ya milimani inayouzwa leo duniani kote ilianzia kwa marafiki waliokuwa wakitambiana.

Kuna pingamizi zito zaidi ya lile la uzito. Watasema: huo ni ufundi wa zamani, leo kutamba ni kwa pesa. Mwenye nazo hununua fremu ya kaboni, magurudumu ya kaboni, kiti cha kaboni, akasimama nayo apigwe picha. Ufundi uko wapi hapo? Nakubali kwamba kununua si kutengeneza. Lakini kijiwe kinalijua hilo kuliko wakosoaji wake. Swali linaloulizwa pale si bei peke yake; ni kwa nini umechagua hiki, umekifungaje, na kimekusaidia nini. Mwenye pesa asiye na majibu hujulikana upesi. Hata katika mashindano ya juu wepesi wa kununuliwa una ukomo: tangu mwaka 2000 sheria za UCI, chama cha kimataifa cha mchezo huu, haziruhusu baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8. Mwaka 1993 Mskoti Graeme Obree alikwenda Hamar, Norway, kujaribu rekodi ya dunia ya saa moja. Alikuwa na baiskeli aliyoiunda mwenyewe, ambayo ndani yake mlikuwa na beringi za mashine ya kufulia nguo, na nyingine iliyotengenezwa kwa kuigwa hiyo. Siku ya kwanza alipanda ile ya kuigwa akashindwa. Kesho yake, tarehe 17 Julai, alirudi kwenye ya mikono yake akaenda kilomita 51.596, akaweka rekodi. Chris Froome naye, mzaliwa wa Nairobi aliyeshinda Tour de France mara nne, alianza kufunzwa na David Kinjah huko Kikuyu, ambako vijana huendesha na kutengeneza baiskeli katika ua mmoja. Pesa zilikuja baadaye.

Pingamizi la tatu ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu lina ukweli mwingi. Baiskeli yenyewe imeanza kuota boneti. Nyaya za breki zinapitishwa ndani ya fremu na usukani, na kubadilisha waya mmoja wa kawaida kumekuwa kazi ya nusu siku. Mwaka 2009 Shimano ilileta gia za umeme katika kundi lake la vifaa vya mashindano, na tangu hapo betri na programu vimeshuka hadi kwenye baiskeli za watu wa kawaida. Sina ugomvi na uwezo wa gia hizo. Zinahama kwa usahihi ambao waya huufikia kwa shida. Ninachouliza ni nini kitabaki cha kuzungumza. Kisichoonekana hakikaguliki, na kisichokaguliwa kinabaki mikononi mwa aliyekiuza. Siku baiskeli itakapofungwa kama simu, maringo yake yatakuwa kama ya simu: nani anayo ya mwaka huu. Hilo halivunji hoja yangu. Linaonyesha kilichokuwa kikiishikilia. Kutamba kulikuwa shule kwa sababu chombo kilikuwa wazi.

Uwazi huo ungalipo, na hapa kwetu umejaa tele. Nchini Rwanda watu walichonga baiskeli za mbao kubebea viazi na kuni, kama wenzao wa Goma, huko Kongo, wanavyochonga chukudu zao. Tom Ritchey, mmoja wa waanzilishi wa baiskeli ya milimani kule California, alipofika Rwanda aliandaa mwaka 2006 mashindano yaliyozipa heshima baiskeli hizo za mbao, na akasanifu baiskeli ndefu ya kubebea kahawa ya wakulima. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Fremu za kaboni zilipanda vilima vya nchi ambayo mtu anaweza kuchonga gurudumu kwa panga. Anayeona kichekesho hapo ametazama bei. Mwenye jicho la fundi ataona swali moja likijibiwa kwa njia mbili: namna ya kuufikisha mzigo juu ya kilima, mzigo wenyewe ukiwa gunia la viazi au mwili wa mshindani.

Kwa hiyo ukimkuta mtu anaisifu baiskeli yake, ana shanga kwenye spoku na taa tatu mbele, usimcheke, wala usimwamini. Mwombe akuonyeshe. Akiipindua ikasimama kwa kiti na usukani, akaanza kukueleza hiki kinakazwa wapi na kile kililegea lini, kaa chini umsikilize. Akisitasita, mpe spana.