Nani Anaoga Mwaka? Jina na Utendaji katika Mwaka Kogwa wa Makunduchi

Maelezo mengi kuhusu Mwaka Kogwa, sherehe ya siku nne inayofanyika Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, huanzia Uajemi. Hoja kwamba sherehe hiyo ni Nairuzi ina msingi. Mwaka unaohesabiwa una siku 365 bila siku ya nyongeza, hivyo mwanzo wake hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne katika kalenda ya miladi. Ndiyo maana mwishoni mwa karne ya 19 uliangukia Agosti na leo huangukia Julai. Hata hivyo, asili ya kalenda haitoshi kueleza maana ya tendo.

Jina lenyewe linadai usomaji makini. Katika Kimakunduchi, kogwa ni umbo la kutendwa la koga, yaani kuoga. Kwa kawaida anayeoga ni mtu. Hapa kinachoogwa ni mwaka, na mtenda hatajwi. Ukimya huo wa kisarufi hujibiwa na utendaji. Watu wa kaskazini na wa kusini wanapopigana kwa mashina ya migomba, ugomvi wa mwaka uliopita humalizwa hadharani. Mzee anapoingia katika kibanda cha makuti, kikatiwa moto, naye akatoka mbio, mji mzima hushuhudia. Mtenda aliyefichwa katika kitenzi, basi, ni jamii yenyewe. Hata imani kwamba nyumba isiyo na mgeni siku hiyo ina nuksi inaafiki usomaji huu: hadhira nayo ni sehemu ya tendo.

Hapa ndipo udhaifu wa kuitazama sherehe kwa macho tu unapodhihirika. Mapigano na moto hupigwa picha kwa urahisi. Nyimbo za wanawake, zinazoimbwa wakati huohuo, zinahitaji sikio linaloijua lahaja. Kuzinukuu kwa Kiswahili Sanifu si kuzihifadhi bali ni kuzisahihisha, kama ambavyo kuandika “kuogwa” badala ya kogwa kungelifuta jina. Kadiri shule zinavyowalea vijana katika Kiswahili Sanifu, ndivyo muda wa kuzinukuu kwa lahaja yake unavyopungua. Mtafiti wa fasihi simulizi atakayechelewa atazikuta picha za moto kwa wingi, lakini hatapata maneno yaliyoufanya moto huo uwe na maana.